Bunduki za kale za risasi moja: kwa nini Greener ilitengenezewa pini yenye ncha tatu?

#1 Fundi Kereza

Wakuu habari za jioni.

Kuna mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, mzee wa makamo, hukaa kwenye kiti cha plastiki na bunduki mapajani. Miaka miwili nimeingia na kutoka pale kununua vyuma na sijawahi kuitazama ile bunduki. Wiki iliyopita nikamkuta anaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Akasukuma chini ule mkono wa chuma ulioko nyuma ya kifyatulio, na ndani ya mwili wa bunduki pande la chuma likainamisha kichwa, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Tundu la mtutu likabaki wazi, unaona mpaka mwanga wa upande wa pili. Akarudisha mkono juu: ta! Imefungwa. Haikunjiki katikati kama shotigani tulizozoea, haina bolti ya kuvuta, wala nyundo haionekani nje.

Mimi riziki yangu ni mashine ya kukereza, na chombo kinachofanya kazi tatu kwa mwendo mmoja kinanikosesha usingizi. Mkono ule ule unafungua, unatoa ganda, na unatega springi ya pini. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, hii ni bunduki gani?" Akajibu, "Marahaba. Griina hiyo, ya mkoloni." Akanionyesha jina ubavuni, herufi zimelika lakini zinasomeka: W. W. GREENER, BIRMINGHAM.

Nikaenda kusoma. Mtambo ule si wa Greener kwa asili. Mmarekani aitwaye Peabody aliupatia hataza 1862, ukiwa na nyundo ya nje. Friedrich von Martini, mhandisi wa Frauenfeld kule Uswisi, akaiondoa nyundo akaingiza pini na springi ndani ya lile pande linaloinama. Jeshi la Uingereza likauchukua 1871 kwenye bunduki ya Martini-Henry, ile waliyokwenda nayo kupigana na Wazulu 1879. Kampuni ya Greener yenyewe ikaja kuutwaa mtambo huo na kuutia mtutu laini wa shotigani.

Hapo ndipo utamu ulipo. Kwanza kwa faida ya wasiojua: namba ya shotigani ni hesabu ya gololi. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, gramu 453 hivi, igawe gololi 12 sawasawa. Upana wa gololi moja ndio upana wa mtutu namba 12, milimita 18.5. Ukiigawa gololi 16 zinakuwa ndogo, milimita 16.8. Namba ikipanda, mtutu unapungua.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya Misri ilihitaji bunduki za polisi na za walinzi wa vijiji, wenyewe wanawaita ghafir. Hofu ilikuwa kwamba bunduki hizo zitaibwa, au zitauzwa, au zitageuziwa serikali iliyozitoa. Greener akatengeneza bunduki ya risasi moja, namba 14, saizi ambayo risasi zake hupati dukani. Akadhani amemaliza. Wezi wakachukua risasi namba 16, ambayo ni nyembamba kidogo, wakaiviringishia karatasi mpaka ikajaa kwenye tundu, wakapiga.

Greener akarudi kwenye meza. Toleo la tatu, Mark III, likatoka na risasi yenye umbo la chupa: kitako namba 12, shingo namba 14. Kana kwamba haitoshi, pini ya kugonga fataki (kile kidude cha kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti) ikawa na ncha tatu, na ganda likachongwa mfereji wa duara kuizunguka fataki. Ukiweka ganda la serikali, ncha mbili za pembeni zinazama kwenye mfereji na ya kati inagonga fataki. Ukiweka ganda lingine lolote hata ukilibana vipi, zile mbili zinagota kwenye shaba kabla ya ya kati kufika. Inalia tik, basi.

Nimekaa na kitu hiki siku nne. Kuna fundi Birmingham alikuna kichwa, akachora, akakereza, akajaribu, na ustadi wote ule alioutia ulikuwa wa kuifanya bunduki ISIPIGE. Kwa maoni yangu ndiyo raha ya hizi bunduki za ajabu za risasi moja. Kila kituko chake ni jibu la swali la mtu aliyekuwa anaogopa kitu fulani. Ukiweza kusoma chuma, unasoma hofu ya mwenye nayo.

Nakaribisha wajuvi.

#2 Njiapanda

Siti ya mbele kabisa. Mkuu samahani kwa swali la darasa la kwanza, Greener si ndiyo gobore?

#3 Fundi Kereza

Hapana mkuu, ni mbali. Gobore unalijaza kwa mdomoni: baruti, kizibo cha makumbi au kitambaa, marisawa, kizibo tena, halafu unashindilia kwa mdeki. Moto unatoka kwenye fataki iliyovikwa chuchu ya nyuma. Wazee wake ni gumegume, ambayo cheche yake ni ya jiwe, na kabla ya hapo bunduki ya mrao, unabeba utambi unaowaka. Greener inajazwa kwa nyuma, na risasi yake imeshafungwa kiwandani. Kinachozifanya ndugu ni kwamba zote ukipiga moja umebaki na fimbo.

#4 Mgambo Mstaafu

Kijana umenirudisha mbali. Nimelinda na Greener miaka kumi na moja kwenye kampuni ambayo sitaitaja kwa sababu mafao yangu bado wanayapiga danadana.

Hiyo ya mzee wako si ya ncha tatu. Hizi za kwetu wanaziita GP (General Purpose, yaani ya kazi zote), ni namba 12 ya kawaida, risasi yoyote ya namba 12 inaingia. Greener alikuja kuuzwa kwa Webley & Scott 1965 na bunduki hii ikaendelea kutengenezwa, ndiyo maana ziko nyingi na ndiyo maana unaisikia kila polisi wakitangaza silaha walizokamata.

Sasa nikwambie kitu ambacho kwenye vitabu hutakikuta. Tulikuwa tunapewa risasi mbili jioni. Asubuhi unarudisha mbili, au unarudisha ganda na maelezo. Risasi zenyewe zilikuwa za zamani, za ganda la karatasi nene, na zimezunguka mikononi mwa watu mpaka maandishi yamefutika. Masika moja nililoa usiku kucha kwenye geti. Saa kumi alfajiri nikasikia vyuma vinagongwa kwa nyuma. Nikashusha mkono, nikaingiza risasi, ikafika katikati ikagoma. Karatasi imevimba kwa unyevu! Nasukuma kwa dole gumba, haiendi. Navuta, haitoki. Nikabaki na bunduki iliyofungua mdomo kama samaki.

Nikafanya nini? Nikaufunga kwa nguvu ule mkono, haukufika mwisho, lakini ule mlio wake wa kugota ulisikika. Jamaa wakatupa nondo wakaruka ukuta. Asubuhi nilikatwa mshahara kwa kuharibu risasi moja.

#5 Njiapanda

Pole sana mzee wangu. Ila nimecheka, nisamehe.

#6 Mgambo Mstaafu

Cheka tu mwanangu, na mimi hucheka siku hizi.

#7 Kware wa Singida

Mnaongea walinzi tu, wawindaji hamtutaji. Baba yangu mdogo alikuwa na leseni ya shotigani ya mtutu mmoja, ya kukunja, na alikuwa anasema aliyenunua ya mitutu miwili anakosa mara mbili. Ukijua unayo moja, hufyatui kwa kanga anayekimbia majanini. Unangoja wajipange kwenye njia yao asubuhi, vichwa viwili vitatu mstari mmoja. Tulikuwa tunalala kifudifudi mpaka siafu wanatupanda.

Kwenye vituko lakini Waingereza wana kimoja kinaipita Greener. Kuna bunduki ya mtumbwi, ya kupigia bata majini. Mtutu mmoja mrefu kuliko mtu, hauinuliwi begani, umelazwa kwenye mtumbwi mwembamba. Mwindaji amelala kwa tumbo anasukuma taratibu, na shabaha anaichukua kwa kuugeuza mtumbwi wenyewe. Zile kubwa zinameza marisawa nusu kilo kwa mpigo. Akipiga, mtumbwi unarudi nyuma. Marekani waliwinda hivyo kupeleka sokoni mpaka bata wakaanza kuisha na majimbo yakazipiga marufuku. Uingereza zinaruhusiwa mpaka leo, mdomo usizidi inchi moja na robo tatu.

Fundi, hapo hofu iko wapi? Hapo naona ulafi tu.

#8 Fundi Kereza

Hahaha, umenipata. Nakubali, siyo hofu peke yake. Ulafi nao ni fundi mzuri.

#9 Kasha la Pwani

Uzi mzuri. Naomba niongeze upande wa kwetu, maana watu wengi wanadhani babu zetu walibaki na gobore kwa sababu hawakujua kingine. Si kweli hata kidogo.

Miaka ya 1880 bunduki zilikuwa zinamiminika Zanzibar. Balozi wa Uingereza pale, Euan-Smith, aliandika 1888 kwamba kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka zinaingia bara kupitia hapo. Nyingi ni masalio ya majeshi ya Ulaya, kwa sababu kila jeshi lilipopata bunduki ya kujaza nyuma liliuza za zamani kwa bei ya kutupa. Watu wa bara walikuwa wanajua tofauti. Wafanyabiashara wa pembe walipanga bei kwa aina, na ya kujaza nyuma ilikuwa ghali kuliko gumegume.

Halafu mwaka 1890 wakubwa wakakaa Brussels. Kwenye mkataba ule wa kupinga biashara ya watumwa wakaingiza vifungu vya silaha: kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini mwa ikweta, bunduki za kisasa na zenye mifereji ndani ya mtutu (ile inayoizungusha risasi ili ilenge mbali) marufuku kuuzwa kwa wenyeji. Zikaachwa gumegume za mtutu laini na baruti ya kawaida. Soma tena hapo. Ulaya yenyewe majeshi yalikuwa yameachana na gumegume nusu karne nyuma, lakini mafundi wa Liège, Ubelgiji, waliendelea kutengeneza mpya kwa ajili ya Afrika, kwa kuwa sheria iliruhusu hizo tu.

Kwa hiyo gobore la babu lilikuwa kama ile risasi ya chupa ya Misri. Tofauti ni kwamba ile ilifungwa kwa kukereza, hii kwa kalamu. Miaka kumi na tano baadaye watu wa Kilwa, Songea na Mahenge walipoinuka kwenye Maji Maji walikuwa na mikuki, mishale na magobore, mbele yao bunduki za rasharasha.

#10 Fundi Kereza

Mkuu Kasha, hapa umeupandisha uzi ngazi. Sikuwa najua kuhusu hizo nyuzi za ramani.

Na ukitaka kuona hali hiyo hiyo mahali pengine nenda India. Baada ya maasi ya 1857 Waingereza waliamua askari wa Kihindi wasishike bunduki yenye mifereji ndani ya mtutu kama ya askari mzungu. Wakatoa bunduki zinazofanana kabisa kwa nje, ila mtutu ukakwanguliwa ukawa laini, hailengi mbali. Miaka mingi baadaye wakaja na nyingine: Lee-Enfield, raifo ya risasi kumi, mtutu ukatobolewa ukawa wa shotigani ndogo ya .410 (hiyo ni upana kwa inchi, si hesabu ya gololi), na pale risasi kumi zinapokaa wakapachika kipande cha mbao. Unaingiza moja kwa mkono, unapiga, unaingiza nyingine. Wakapewa walinzi wa magereza na polisi. Nimeona picha yake iliyofunguliwa. Ile mbao imechongwa vizuri, ina kona za duara, mtu kaipiga msasa. Sijui kwa nini ule msasa ndio ulioniuma.

#11 Dada wa Njoro

Samahani wakaka, na mimi niseme. Mnazungumzia vyombo hivi kwa mahaba kana kwamba ni saa za ukutani. Sisi huku Kenya shotigani za mtutu mmoja zinajulikana zilikokuwa. Wakati wa hali ya hatari, kwenye vita vya Mau Mau kuanzia 1952, walinzi wa kijiji waliosimama na serikali walianza na mikuki, baadaye wakapewa shotigani. Cucu, yaani bibi yangu, alikuwa anasema ukisikia mlio wake kwenye mtaro wa kijiji usiku unahesabu watoto wako.

Na upande wa msituni walikuwa na bunduki zao za risasi moja ambazo hakuna hata mmoja wenu aliyezitaja. Bomba la maji ndilo mtutu. Komeo la mlango ndilo pini. Mpira wa tyubu ya gari ndio springi. Unavuta komeo, unaachia, ikitaka itapiga, isipotaka haipigi, na ikikasirika inakupasukia usoni. Fundi, ukisema chuma kinasomeka, soma na hicho.

#12 Fundi Kereza

Dada, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Uko sahihi na nakiri nimezungumza kama mtu aliyeona chombo kikiwa mapajani pa mzee mpole.

Lakini hiyo ya komeo naomba niikalie kidogo, si kwa kuipamba. Ukiitazama kifundi, ni Greener iliyogeuzwa nje ndani. Yule wa Birmingham ana kila mashine, na kazi yake ni kuongeza ncha na mifereji ili ikatae. Huyu wa msituni hana hata tupa, na kazi yake ni kutafuta kitu chochote chenye ncha kinachoweza kwenda mbele kwa nguvu. Na hofu yake si kwamba itaibwa. Ni kwamba bomba la maji halijatengenezwa kubeba moto, na anajua hilo wakati anaiinua.

#13 Dada wa Njoro

Hapo sasa tunaelewana.

#14 Mtoto wa Muttrah

Salaam kutoka Muscat. Huku Martini-Henry haijazeeka. Mzee wangu, mzaliwa wa Pemba, aliirithi kwa mjomba wake alipohamia Oman na huitoa kwenye harusi. Wazee wakipanga mistari miwili kuimba, utaiona ile mikono ya chuma chini ya vitako, baadhi vimevishwa fedha. Risasi wala haiwazi. Anasema mwanamume mwenye Martini hana haraka. Nikamwambia, "Baba, huna haraka kwa sababu inapiga moja tu." Alinikata jicho, sikurudia.

#15 Njiapanda

Swali la kibiashara: mtu akiwa na ile Greener ya ncha tatu leo anauza shilingi ngapi?

#16 Kasha la Pwani

Kwa nchi yetu usianze hata kuuliza bei. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haikupi kitu kwa sababu ni ya babu. Huna leseni, peleka polisi. Kwa Ulaya na Marekani wakusanyaji wapo, ila risasi za chupa hazitengenezwi tena, kwa hiyo aliye nayo ama anakereza maganda mwenyewe ama anaitundika. Yaani mpaka leo inakataa.

#17 Mama Kibena

Wanangu nimewasoma kimya siku mbili. Mimi ni wa Njombe. Mkwe wangu, marehemu, alikuwa na gobore darini, juu ya moshi wa jikoni ili lisishike kutu. Kitako kilikuwa kimepasuka kimefungwa kwa ngozi iliyokaukia pale pale, ngumu kama chuma. Alikuwa analishusha ngedere wakiingia kwenye mahindi. Kujaza ilimchukua muda mrefu hadi ngedere wenyewe wamemzoea. Anashindilia, wao wanamenya. Akilinyanyua tu, wanaondoka. Mlio ukija shamba tupu.

Alipofariki wanangu wakasema tulirudishe serikalini. Wakalifunga kwenye kanga, wakaenda nalo mpaka kituoni, askari akaandika kwenye daftari, kwa heri. Tuliporudi nyumbani nikainua macho pale darini nikaona mdeki umebaki. Ulikuwa umechomekwa peke yake kwenye nyasi za paa, hakuna aliyeukumbuka.

#18 Fundi Kereza

Shikamoo mama. Huo mdeki bado upo?

#19 Mama Kibena

Marahaba mwanangu. Upo. Nachochea nao jiko.

#20 Fundi Kereza

Mama nakuomba sana, ukipata nafasi upime urefu. Mdeki haupungui sana kuliko mtutu, kwa hiyo tukijua urefu wake tunaweza kukisia gobore lenyewe lilikuwa la aina gani, la mhunzi wa hapa au la meli. Na uangalie ncha nene, kama ina kichwa cha shaba au ni chuma kitupu.

#21 Mama Kibena

Nimepima kwa futi ya cherehani. Ni futi tatu na inchi saba, lakini ncha nyembamba imeungua na kupinda, ilikuwa ndefu zaidi. Upande mnene nimesugua kwa majivu, pametokea njano.